Kofia ya chumba cha faili

Nimefika nyumbani saa mbili usiku. Feri ilichelewa, na magoti yananiuma kwa kupanda na kushuka ngazi kutwa. Ningelala, lakini kuna jambo limenikaa kooni.

Leo tulikuwa Shimanzi, kwenye godauni la chai. Harufu ya majani makavu hukupokea hata kabla hujalifikia lango. Kazi ilikuwa ya kawaida: kukagua mfumo wa kengele za moto na kubadilisha betri za paneli inayouongoza. Betri hapa Mombasa hazikai. Hizi ni mbili za volti 12, zimeunganishwa zitoe 24, na joto la kibanda cha mlinzi lilikuwa limezivimbisha ubavuni kama mahamri. Chumvi nayo ilishazila skrubu za king'ora cha nje, zimegeuka kijani. Nilipofungua paneli nikamkuta mjusi kafiri amekauka juu ya nyaya. Hilo si geni, kila mwaka namtoa mmoja mahali fulani.

Ghalani kwenyewe dari iko juu mno kwa vitambua moshi vya kawaida, kwa hivyo kuna kifaa kinachorusha mwale usioonekana hadi kwenye kioo kilicho ukuta wa pili, mwale unarudi. Moshi ukiukatiza, kengele inalia. Vumbi la chai nalo hujifanya moshi, ndiyo maana kioo lazima kipanguswe. Tukakipangusa, tukapanda ofisini ghorofani.

Mwishoni kabisa kuna chumba cha faili. Mzee wa stoo akaja na shada lake la funguo, akajaribu tatu ndipo mlango ukakubali. Hakifunguliwi ila mwisho wa mwezi, akasema. Kijana wangu akapanda ngazi na kile kijikopo cha moshi wa kujaribia, akakipulizia kitambua moshi. Kimya. Akapuliza tena, safari hii kwa muda. Kimya.

"Fundi, hiki kimekufa."

Nikateremka hadi kwenye paneli. Taa ya kijani inawaka, hakuna hitilafu hata moja. Nikarudi juu nikiwaza labda mchwa, labda buibui. Mzee wa stoo alikuwa ameinua uso, miwani imemshuka puani.

"Mbona hiki chavaa kofia?"

Kilikuwa kimevaa kofia kweli. Kifuniko cha plastiki cha rangi ya machungwa, kile tunachokiacha juu ya kitambua moshi wakati mafundi wengine bado wanapiga plasta na rangi, vumbi lisiingie. Ndani ya kitambua moshi chenyewe kuna kichumba cheusi chenye taa ndogo na jicho lisiloitazama taa hiyo. Moshi ukiingia hutawanya mwanga, jicho likauona. Kikiwa kimefunikwa, moshi hauna pa kupitia. Rangi ya kifuniko ilikuwa imefifia, ndiyo maana kijana hakukitambua. Ila paneli haijui lolote kuhusu kofia. Yenyewe inauliza tu kila mara: wewe upo? Nacho kinajibu: nipo. Miaka miwili na nusu kikijibu hivyo.

Nikaliomba faili la makabidhiano. Vifaa 47, kila kimoja na mstari wake, na kwenye mstari wa chumba cha faili alama ya sawa kwa mwandiko ninaoujua vizuri, maana ni wangu.

Siku yenyewe naikumbuka. Ilikuwa Ramadhani, jua linakaribia kuzama, mwenye ufunguo alikwishaondoka kwenda kufuturu. Vifaa 46 nilivijaribu kwa mkono wangu. Hiki kimoja nilikiona kwenye paneli kinajibu, nikasema moyoni, kipo, kitakuwa sawa. Nikatia alama. Baada yangu wamepita mafundi wa ukaguzi mara mbili, kwa sababu kanuni za moto za 2007 zinataka jengo likaguliwe kila mwaka, na nao wakakuta mlango umefungwa, wakatazama karatasi yangu. Nisiwalaumu. Wameniamini.

Kijana alikuwa bado juu ya ngazi akinitazama. Ni mwezi wake wa nne nami, na kila asubuhi humwimbia wimbo mmoja: usitie alama kitu ambacho hukukisikia kikilia. Nilitamani awe ameshuka kununua maji.

Nikamwambia akitoe kile kifuniko. Akakizungusha kidogo kikatoka, akapuliza, na baada ya sekunde chache godauni zima likalia, wapakiaji kule chini wakapiga kelele kututania kwamba chai imeungua. Nikakinyamazisha. Kisha nikachukua daftari la mfumo nikaandika: *Chumba cha faili, kifuniko cha vumbi hakikutolewa tangu kufungwa. Kimetolewa leo, kimejaribiwa, kinafanya kazi.* Tarehe, sahihi.

Mzee wa stoo akasoma polepole, kidole chini ya maneno.

"Na aliyekifunga nani?"

"Mimi, mzee."

Akanyamaza. Akaifunga daftari, akaniambia kuna kahawa chungu kwa yule wa langoni, tunywe kabla haijapoa. Mpaka tunaondoka hakulitaja tena, na nadhani ningeona afadhali angenigombeza.

Kifuniko kiko hapa mezani, mwanangu mdogo amekwishakiomba akifanye sahani ya kuchezea. Nimemkatalia. Nimetoa madaftari yangu ya miaka mitatu, na mpaka sasa nimepata majengo 11 ambayo siku ya makabidhiano kulikuwa na chumba kilichofungwa. Manne yako Nyali, moja Kizingo, mengine yametawanyika hadi Mtwapa. Hakuna atakayenilipa kwenda huko, na ngazi ndefu ni ya kampuni, itabidi niiombe. Naanza na Kizingo Jumamosi. Kijana nimemwuliza kama atakuja, ameuliza tu tukutane saa ngapi.