Skleroderma sio ngozi tu jamani

Watu wakisikia skleroderma (ugonjwa wa kinga ya mwili unaokakamaza ngozi na viungo vya ndani) wanafikiria vidole vilivyokakamaa na ngozi inayovuta basi, kumbe shangazi yangu kinachomtesa zaidi ni kula. Ugali unakwama kifuani, kila tonge anashushia na maji, akilala tu kiungulia kinampanda hadi kooni na kikohozi juu yake.

Daktari alituelezea hivi, umio (bomba la chakula toka kooni hadi tumboni) kwa chini kama theluthi mbili una misuli inayojiendesha yenyewe, sasa huu ugonjwa unaidhoofisha mpaka inakuwa kovu, haisukumi tena chakula, na ile vali ya kuingilia tumboni inalegea kwahiyo asidi inarudi juu inavyotaka. Ndo maana anameza omeprazole ya kupunguza asidi, anakula kidogo kidogo, usiku mwingi hagusi chakula, na kitanda tumekiinua upande wa kichwani (kurundika mito hakusaidii, kunakunja tumbo tu).

Ila mi umio hauniogopeshi kama mapafu na figo. Mapafu yanaweza kuingia makovu kimyakimya, we unadhani ni uchovu wa kupanda ngazi. Figo ndo balaa, presha inaruka ghafla na zinaweza kufeli ndani ya muda mfupi, zamani wengi walikufa hivyo mpaka zilipokuja dawa za presha kama captopril, halafu steroidi dozi kubwa zinaongeza hiyo hatari kwahiyo hii tabia ya kujinunulia prednisolone (nayo ni steroidi) famasi, hapana kwa kweli. Mashine ya presha tunayo nyumbani, anapima mwenyewe, na nikiuliza mara ya pili ananifokea.