Funguo shingoni

Wengi wanaosema riwaya za picha ni vitabu vya watoto wamezisoma maandishi tu. Wanaruka kutoka kiputo cha maneno hadi kiputo, wanamaliza kitabu jioni moja, kisha wanalalamika kwamba hakina uzito. Lakini mchoraji hakuiweka hadithi yote kwenye viputo. Sehemu kubwa iko kwenye mkao wa miili, na kwenye ile nafasi tupu kati ya kisanduku cha picha na kisanduku, ambako sisi wasomaji ndio tunaojaza kilichotokea.

Chukua Persepolis ya Marjane Satrapi, iliyoanza kutoka Ufaransa mwaka 2000. Ni utoto wake mjini Tehran, mapinduzi na vita vya Iran na Iraq, vyote kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Ukurasa wa kwanza tu kuna picha ya wasichana wa darasa lake wakiwa na ushungi, naye anatuambia yuko mwisho kabisa kushoto, ndiyo maana hatumwoni. Ukingo wa kisanduku umemkata! Hilo ungeliandikaje kwa maneno matupu?

Ila ukurasa ninaourudia kila mara ni ule wa funguo. Wavulana maskini wanapewa shuleni funguo za plastiki zilizopakwa rangi ya dhahabu, wakiambiwa zitawafungulia milango ya peponi wakifa vitani. Kisha kinakuja kisanduku kikubwa: vivuli vyeusi vya watoto wakirushwa hewani na mabomu ya ardhini, funguo shingoni. Chini yake tu, Marji, yaani Satrapi mwenyewe utotoni, yuko kwenye sherehe yake ya kwanza, anarukaruka na wenzake, kavaa sweta la matundu alilofumiwa na mama yake, na shingoni mkufu wa minyororo na misumari.

Nilimpa mwanangu wa kidato cha pili ukurasa huo nikaziba maandishi kwa kiganja. Akauangalia kwa muda, akauliza: "Mama, mbona wa juu na wa chini wameruka vilevile?" Satrapi hakuhitaji hotuba ya kulinganisha watoto wa maskini na wa wenye nacho. Ameviweka visanduku viwili pamoja, basi.

Huku kwetu jicho la kusoma hivi tunalo. Waliokua na gazeti la katuni la Sani, na wahusika wake Ndumilakuwili na Lodi Lofa, walijifunza kusoma sura ya mtu kabla ya maneno yake. Na mchora katuni Gado alitoa Abunuwasi kwa Kiswahili mwaka 1996, hadithi tuliyoijua kwa masikio ikapata uso.

Ninachokililia sasa ni kitabu kirefu kinachobeba maisha yetu wenyewe. Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, kwa mfano: mwaka 1978, mtoto wa Kyaka, daraja limevunjwa, na mchoraji mwenye subira ya kutuonyesha ng'ambo zote mbili za mto kwenye ukurasa mmoja. Wachoraji tunao. Nani atawalipa wakae chini miaka miwili wachore?