Bampa la faiba huanzwa kwa nyuma

Aliyeniuzia gari alikuwa ameshapaka puti na rangi juu ya ufa wa bampa la mbele. Ukisimama mbali huoni kitu. Ukiinama, kuna mstari mwembamba unaotoka kwenye tundu la taa ya ukungu kushuka hadi kwenye tundu la bolti, na puti imefunguka palepale faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa pamoja, ilipopasuka. Ingefanyaje? Puti haina nyuzi za kuvuta pande mbili zikae pamoja, yenyewe inajaza tu. Kazi ya bampa la faiba iko upande wa ndani, ambako hakuna mpita njia atakayechungulia.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni faiba kweli. Mabampa mengi ya kiwandani ni plastiki, na kwa ndani utakuta herufi PP (polipropilini) zimechapwa. Resini ya polyesta, ile gundi inayogandisha nyuzi za faiba, haishiki kwenye plastiki hiyo, hata uikwangue vipi. Kama alama haipo, pitisha msasa mahali pa kujificha: faiba hutoa vumbi laini jeupe, plastiki hupata joto na kutoa manyoya.

Nililifungua bampa, nikalilaza kifudifudi, nikalisugua kwa asetoni. Hili hufanywa kabla ya msasa, la sivyo unaishindilia grisi ndani. Kisha nikalikunja kidogo kwa dole gumba. Ufa ukafungua mdomo, na kumbe ulikuwa umeshapita mbali kuliko ile rangi ilivyokuwa inaonyesha. Ncha yake ya kweli ndiyo ya kutobolewa kwa drili ya milimita 3, ili ufa usiendelee kukimbia. Baada ya hapo nikaingia na msasa namba 60, nikichimba mteremko kuelekea kwenye ufa, sentimita 5 au zaidi kila upande. Vaa barakoa na mikono mirefu. Vumbi lile linawasha usiku kucha, na ukioga anza na maji ya baridi.

Upande wa mbele nilibana kingo zikae sawa kwa utepe mpana. Mkeka wa nyuzi niliuchana kwa mkono badala ya kuukata kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanika hujichanganya na wenzake na hauachi ngazi. Vipande vitatu, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia.

Kwenye hadina, kile kiowevu cha kuigandisha resini, ndipo watu wanapokuwa wakarimu kupita kiasi. Gramu 100 za resini zinataka gramu 1 hadi 2 basi. Ukizidisha, kikombe kinachemka mkononi na resini inaganda kabla hujafika kipande cha pili. Changanya kidogo kidogo, na miwani usiivue: hadina ikiingia jichoni si jambo la kusugua na kusahau.

Brashi hapa haipakwi, inagongwagongwa. Ukiiburuta inavuta nyuzi zote upande mmoja. Mkeka mkavu ni mweupe, ukishiba resini weupe unapotea na unauona ufa uliopo chini yake. Doa jeupe likibaki ujue ni hewa, ligongegonge mpaka litoke. Sehemu hii naipenda kuliko zote, maana kazi yenyewe inakwambia ilipofikia.

Kesho yake juu palikuwa bado pananata. Ni kawaida, hewa huizuia resini kukauka vizuri usoni. Futa kwa asetoni, kisha piga msasa.

Ndipo bampa likageuzwa. Ile puti ya zamani niliing'oa yote, nikachimba mfereji hadi kwenye faiba mpya, nikajaza puti yenye nyuzi, na juu yake puti laini nyembamba. Msasa 80, 180, 320, praima, halafu 600 kwa maji. Rangi nilimwachia mpiga rangi. Mimi na bunduki ya rangi hatuelewani.

Kilichobaki kilikuwa lile tundu la bolti, na nadhani ndilo lililoleta ufa. Bolti ilikuwa imelazimishwa kwa pembeni na kukazwa hadi faiba ikabonyea. Nililipanua kidogo, nikaweka washa pana pamoja na kipande cha mpira, na kukaza kwa mkono tu mpaka bampa likaacha kucheza.