Farasi niliowanunua hawakuwahi kufika

Gari langu ni la kawaida kabisa: injini ya petroli ya lita 1.5, haina turbo (pampu ya kusukumia injini hewa ya ziada), kazi yake kunipeleka kazini na kubeba watoto. Kosa langu ni kulalamika mbele za watu kwamba mlimani linakohoa. Ghafla kila mtu akawa fundi. Toa chujio la hewa la kiwandani, linaibana pumzi. Badilisha bomba la moshi. Chomeka kiboksi.

Nikaanza na kiboksi, kile kinachokaa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani na kuahidi kuamsha farasi waliolala, yaani nguvu ya injini. Taa zake tatu zilimetameta vizuri mno. Wiki nzima nilimwapia mke wangu kwamba gari limekuwa jingine. Siku moja nimetoka kulisifu tena, akaniuliza kwa upole, "Kwani hiki ulikirudisha lini?" Alikuwa amekichomoa siku tatu nyuma alipofagia gari, kikakaa kwenye mkoba wake. Nikachukua bisibisi nikakipasua. Ndani mlikuwa na umeme wa kuwashia taa na basi. Pini za kuzungumza na kompyuta ya gari hazikuunganishwa na kitu chochote. Nimenunua taa za harusi!

Mtu mzima hakomi mara moja. Nikafunga chujio la wazi, lile lenye umbo la pia, kwa bei ya kama matairi mawili mapya. Muungurumo? Simba mwenye mafua. Safari hii lakini nilikuwa na skana ndogo inayosoma vihisi vya injini. Nje nyuzi 27, mimi nimekwama kwenye foleni, hewa inayoingia injini nyuzi 57! Chujio lilikuwa linavuta joto la chini ya boneti, na hewa ya nyuzi 57 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya 27. Yaani nimelipa ili nipunguziwe nguvu. Ukishika kasi joto hushuka, sawa, lakini maisha yangu mimi ni foleni.

Hapo nikabuni kipimo changu, na ninajivunia: mlima uleule, gia ya tatu, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, simu ya abiria ikirekodi mshale wa kasi. Ukifanya hivyo mara tatu, masikio hayawezi tena kukudanganya. Chujio la zamani lilishinda.

Skana hiyohiyo ndiyo iliyomfichua mwizi. Maji ya injini hayakupita nyuzi 68 hata baada ya nusu saa. Themostati, vali inayodhibiti joto la maji hayo, ilikuwa imekwama wazi, kompyuta ikaamini injini bado ya baridi na kuendelea kuongeza petroli. Plagi za cheche nazo zilikuwa zimelika. Nikabadilisha vyote, nikajaza upepo matairi, nikarudi mlimani: sekunde moja na nusu imepungua, kikohozi kimekwisha.

Bado nikaenda kwa mtu wa kupanga upya programu za injini. Alinisikiliza, akacheka. Injini isiyo na turbo inategemea shinikizo la anga tu, akasema. Akichezea muda wa cheche na mchanganyiko wa mafuta nitapata asilimia 5, labda 10. Yenye turbo ndiyo inayoweza kupanda 20 hadi 30, kwa sababu turbo unaiamuru isukume hewa zaidi. Akakataa pesa yangu. Watu wa hivyo mkipata, washikeni.

Shemeji yangu ana dizeli ya turbo na alifanyiwa. Kweli inavuta, wivu ulinishika. Miezi michache baadaye klachi ikaanza kuteleza, na bima hakuwaambia. Angalau alidai abaki na nakala ya programu ya kiwandani.

Kiboksi changu sikukitupa. Mwanangu amekifunga kwa mpira kwenye gari lake la kuchezea, na anaapa sasa linakimbia zaidi.