Daftari la maji, Lamu: tulipofikia na gredi ya nne

Haya jamani, daftari la maji bado liko hai na limenenepa. Nilisema nitakuwa naandika kila tukipiga hatua, na hii ya sasa kwangu ni kubwa. Kwa wageni, kwa ufupi: nafundisha gredi ya nne hapa Lamu na mradi wangu ni kufundisha hesabu na sayansi kwa maji kujaa na kupwa, maana hawa watoto wamekulia pwani, hakuna asiyejua bamvua, yale maji yanayojaa sana na kupwa sana, lakini ukifungua kitabu kwenye somo la saa na dakika wote kimya. Mimi naamini mtoto haji darasani mtupu. Ana anachokijua cha kwao, na kazi yangu ya kwanza ni kukitafuta hicho, changu kitafuata.

Kifaa chetu kikubwa ni boriti ya mkoko ya kupimia kimo cha maji, tumeipaka nyekundu na nyeupe kila sentimita 10, fundi mmoja akatufungia imara kwenye ngazi za gati. Asubuhi twaenda na mzazi, watoto wanakaa ngazi za juu na hapo sina mchezo kabisa. Jioni wasoma wale wanaokaa karibu, kila mmoja na mkubwa wake. Sasa hivi upepo wa kusi wavuma na mawimbi yasumbua, leo unaona 160 kabla hujaandika ni 180, basi wenyewe wakakubaliana wasome wimbi likipanda na likishuka halafu wachukue kati. Sikuwaambia mimi, na somo la wastani lilikuwa bado mbele huko.

Sharti langu ni moja tu, kila mtu akisie kwanza na makisio yaandikwe kwa kalamu ya wino, hayafutwi. Yanakaa pale kando ya kipimo cha kweli. Mwanzo walikuwa wakificha madaftari, mtoto amekisia 250 boriti inasema 120 anaona aibu, lakini baada ya muda ukiwaangalia wanarudi nyuma kurasa kadhaa kutazama makisio yao yalikuwa yakipotea wapi, mbona kila siku nazidisha, mbona jana nilikaribia. Hapo ndipo kufikiri kunapoanza, na mtoto aliyezoea kufutafuta ukurasa ubaki safi hapafiki.

Sasa hatua yenyewe. Kuna kijana mmoja darasani hasemi, hesabu ameshajiambia si zake. Tulikuwa twakisia maji yatajaa saa ngapi kesho, kila mtu arusha namba, yeye akauliza pole pole, "Ticha, leo mwezi ngapi?" Wenzake wakamtajia tarehe ya ukutani, akasema hapana, mwezi wa Kiislamu. Kumbe babu yake ni mvuvi na hatazami chati yoyote, ajua mwezi mosi mpaka mwezi tatu hivi ni bamvua, mwezi 15 mpaka 17 bamvua tena, na katikati kama mwezi 8 na mwezi 22 ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Bamvua kwetu maji yatoka kabisa saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri, maji mafu kinyume chake, saa nne ndio yamejaa.

Wallahi niliacha somo nililopanga. Tukafungua daftari tangu mwanzo, kila kipimo tukakiandikia tarehe ya mwezi mwandamo (hiyo wanaijua vizuri kuliko mimi, wanatoka chuoni, madrasa, kila siku), tukachora grafu upya na ile mistari iliyokuwa imetapakaa ikawa milima na mabonde. Bamvua maji yapanda na kushuka karibu mita 3, maji mafu kama mita 1 tu. Halafu wakaona kila siku maji yachelewa kujaa, siku nyingine dakika 40, siku nyingine zaidi ya saa nzima, wastani wake yaja karibu dakika 50. Nikawaachia swali moja tu ubaoni: dakika 50 mara siku 15 ni ngapi? 750. Gawa kwa 60, saa 12 na nusu. Yaani ukitoka bamvua moja mpaka nyingine saa za kujaa zimezunguka zikarudi karibu pale pale, na yule kijana ndiye aliyesimama akaeleza kwa nini babu yake hakosei. Sayansi yake, kwamba mwezi na jua zikiwa kwenye mstari mmoja na dunia zavuta maji kwa pamoja, waliimeza siku hiyo hiyo na machungwa mawili na mpira.

Huu mtaala wa umilisi ulioanza mashuleni 2019 wataka mtoto atende, na wengi twauona mzigo wa vifaa vya kununua. Mimi boriti nilipewa bure na rangi ilikuwa masalio ya mashua.

Kazi iliyobaki sasa ni safari ya Takwa, yale magofu kule Manda. Kufika kwa mashua lazima upite mkono wa bahari katikati ya mikoko na wapitika maji yakiwa yamejaa tu. Nimewaachia wao wachague siku, na hapo wamegongana. Bamvua maji ni mengi lakini yajaa saa kumi, tutarudi usiku. Maji mafu yajaa saa nne asubuhi, saa nzuri, ila ni machache na mashua yaweza kukwama kwenye tope. Kundi moja lataka mwezi 11, wamepiga hesabu yajaa saa saba kasoro, kundi la pili lasema mwezi 12, saa saba u nusu, maji yamezidi kidogo na bado twawahi Magharibi nyumbani. Wanatetea kwa grafu, si kwa kelele. Nahodha amekubali kuja darasani wiki ijayo atuambie mashua yake yahitaji kina gani, nao wameshaandika makisio yao kwa pima, kipimo cha kina cha mabaharia, na kwa mita. Kwa wino.