Maili za ndege kutoka Entebbe: ninavyozikusanya na ninavyozitumia

Ushauri mwingi kuhusu pointi za kadi na maili za ndege, yaani pointi ambazo shirika humpa abiria na ambazo baadaye hulipia tiketi, umeandikiwa watu wa Marekani. Kule benki humpa mteja mpya makumi ya maelfu ya pointi kwa kufungua kadi na kuitumia miezi michache, kisha anazihamishia shirika la ndege analolitaka. Ukiwa Kampala, njia hiyo usiitegemee. Maili zetu hutokana hasa na kupanda ndege, na faida au hasara huamuliwa na mambo mawili: umeziweka kwenye akaunti ipi, na umezitumia kwa tiketi ya namna gani.

Kabla sijanunua tiketi, naangalia shirika limo katika kundi gani, yaani muungano wa mashirika ambamo ukipanda moja unaweza kuingiza maili kwenye akaunti ya jingine. Ethiopian, Turkish, Brussels Airlines na EgyptAir, ambazo zote hutua Entebbe, ni Star Alliance. Kenya Airways na KLM ni SkyTeam. Qatar Airways imo oneworld tangu 2013. Emirates haimo katika kundi lolote, ila safari za flydubai nazo huingiza maili katika Skywards, programu yake ya maili. Uganda Airlines, iliyorudi angani 2019, nayo iko nje ya makundi hayo matatu.

Kwa hiyo safari ya Addis Ababa, ya Istanbul na ya Brussels zinaweza kujaza akaunti moja, hata kama ulipanda mashirika matatu tofauti. Wengi hujiandikisha kwa kila shirika wanalolipanda, wakabaki na maili elfu tatu hapa na elfu tano pale, zisizonunua chochote hadi muda wake unakwisha. Mimi nina akaunti moja tu kwa kila kundi. Upande wa Star Alliance natumia ShebaMiles ya Ethiopian, kwa kuwa ndiyo ndege ninayoikuta kwenye njia nyingi. Upande wa SkyTeam natumia Flying Blue, ya Air France na KLM, ambayo hupokea pia safari za Kenya Airways. Kwa Qatar ni Privilege Club, ambayo tangu 2022 maili zake huitwa Avios, zilezile za British Airways, na unaweza kuzihamisha kati ya akaunti hizo mbili, moja kwa moja bila kupungua. Anayepita Kigali mara kwa mara ajue pia kwamba safari za RwandAir zinaweza kuingizwa Privilege Club.

Sasa tuje kwenye herufi ya nauli, maana hapa ndipo watu hupoteza maili bila kujua. Fungua tiketi yako ya barua pepe utafute neno "Class". Mbele yake kuna herufi moja: Y, M, L, T na kadhalika. Abiria wawili waliokaa kiti kwa kiti katika daraja la kawaida wanaweza kuwa na herufi tofauti, mmoja akapata maili kamili za umbali ule na mwenzake akapata robo yake, au asipate kitu. Y kwa kawaida ndiyo nauli kamili ya daraja la kawaida. Nauli za ofa huwa chini kabisa ya ngazi. Kila programu ina jedwali lake la kila shirika mshirika, kwa hiyo herufi ileile inaweza kulipa vizuri kwenye akaunti moja na kulipa sifuri kwenye nyingine ya kundi lilelile. Soma jedwali la programu unayotaka kuingizia maili, si la shirika unalolipanda. Flying Blue ina utaratibu mwingine kwa tiketi za Air France na KLM: inahesabu pesa ulizolipa, maili 4 kwa kila euro kwa mwanachama wa ngazi ya kwanza, kodi za serikali zikiwa zimeondolewa. Hapo tiketi ya bei nafuu huleta maili kidogo hata kama safari ni ndefu.

Ukinunua kwa ajenti wa mjini, mwambie aweke nambari yako ya uanachama wakati wa kukata tiketi, kisha usimwamini tu kwa maneno. Chukua ile namba ya uhifadhi (booking reference) yenye herufi na tarakimu, sita kwa jumla, ingia tovuti ya shirika, uhakikishe nambari yako imekaa mahali pake na ni ya programu uliyoitaka. Muulize pia kama tiketi ni ya nauli ya kikundi, yaani ya watu wanaokatiwa tiketi pamoja. Nauli za kikundi ni rahisi, lakini nyingi haziingizi maili.

Jina nalo hukwamisha. Vitambulisho vyetu hutanguliza jina la ukoo, na wengi wetu tumezoea kujiandikisha hivyohivyo kila mahali. Ukijaza jina la ukoo kwenye nafasi ya jina la kwanza, mfumo hautakutambua na maili hazitaingia. Fuata pasipoti: "Surname" kwenye nafasi yake, "Given names" kwenye nafasi yake, majina yote bila kufupisha. Kama tayari umekosea, omba marekebisho kabla ya kusafiri, ukiambatisha picha ya pasipoti.

Maili zisipoonekana wiki chache baada ya safari, peleka madai mwenyewe kwenye akaunti. Watakutaka nambari ya tiketi, ile ya tarakimu 13, na mara nyingi bodingi pasi. Emirates, Turkish na Flying Blue hutoa miezi 6 tangu tarehe ya kusafiri. Kwa hiyo bodingi pasi ya karatasi naipiga picha kabla sijatoka uwanjani, kwa sababu wino wake hufifia haraka.

Kuhusu kadi za benki, uliza mambo matatu: unapata pointi moja kwa kila shilingi ngapi, pointi moja ina thamani gani ukiitumia, na malipo gani hayahesabiwi. Kisha piga hesabu. Tuseme kadi inakupa pointi 1 kwa kila shilingi 5,000, na pointi hiyo inanunua kitu cha shilingi 20. Hiyo ni asilimia 0.4. Sasa ukilipia tiketi ya dola kwa kadi ya akaunti ya shilingi, benki inakubadilishia kwa bei yake na inaweza kuongeza ada. Kama tofauti hiyo inafika asilimia 3, umelipa zaidi ya mara saba ya ulichopata. Ndiyo sababu tiketi za dola nazilipa kwa kadi iliyofungwa kwenye akaunti ya dola. Na tovuti ikikuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi, kataa, chagua sarafu ya tiketi, kwa sababu bei ya kubadilishia hapo huwa mbaya kuliko ya benki. Kama ni kadi ya mkopo, lipa deni lote kabla ya tarehe. Riba ya mwezi mmoja inameza pointi za mwaka. Kutoa pesa taslimu kwenye mashine kwa kadi hiyo ndiyo kosa kubwa zaidi, kwani ada na riba huanza siku hiyohiyo.

Tukirudi kwenye kutumia maili, kuna hesabu moja inayoniongoza: chukua bei ya tiketi kwa pesa, toa kodi na ada utakazolipa hata ukitumia maili, kisha gawanya kwa idadi ya maili. Mfano: tiketi ni shilingi 2,600,000, ukitumia maili 40,000 bado utalipa 700,000. Umeokoa 1,900,000, yaani shilingi 47.5 kwa kila maili. Fanya hesabu hiyo kwa tiketi kadhaa na utaona ipi inastahili.

Ndiyo maana mimi situmii maili kwenda Nairobi au Kigali nauli zikiwa za kawaida. Safari ni fupi, kodi ni sehemu kubwa ya bei, na kodi haziondoki. Maili hung'aa mahali pengine. Desemba, watu wanaporudi nyumbani na nauli kupanda, kiti cha maili kikipatikana kwa bei ya kawaida ya maili ni mali. Hivyo hivyo tiketi ya kwenda tu: baadhi ya mashirika huiuza kwa pesa karibu na bei ya kwenda na kurudi, ilhali kwa maili unalipa nusu. Kwa Desemba anza kutafuta mapema, miezi kumi kabla au zaidi, na tafuta kiti kimoja kimoja kama mko wengi. Mfumo ukikosa viti vinne pamoja husema hakuna kabisa, hata kama viwili vipo.

Ofa za kuuziwa maili huja na bonasi zinazovutia macho, asilimia 50, wakati mwingine 100. Tumia hesabu ileile. Maili ikikugharimu senti 2.5 za dola baada ya bonasi, na dola ni shilingi 3,700, unanunua kwa shilingi 92.5 kitu kitakachokupa 47.5. Nanunua tu kama nimebakiza kidogo kufikia tiketi ambayo nimeshaiona ina nafasi. Ofa ninazozifuatilia kwa moyo ni Promo Rewards za Flying Blue: kila mwezi wanataja njia kadhaa ambazo bei yake ya maili imepunguzwa, mara nyingi kwa asilimia 25. Ofa za maili mara mbili huwa na sharti la kujisajili kabla ya kusafiri, na sharti hilo halisamehewi.

Wafanyabiashara wa Kikuubo, hapa Kampala, wanaokwenda Guangzhou au Istanbul, kwenu ninyi tiketi ya bure si zawadi kubwa kuliko zote. Kubwa ni mzigo. Anayesafiri sana hadi akafika ngazi ya Gold ya Star Alliance huongezewa kilo 20 pale mizigo inapopimwa kwa uzito, au begi moja zaidi pale inapohesabiwa kwa idadi, kwenye mashirika ya kundi hilo, isipokuwa baadhi ya nauli za chini kabisa. Linganisha na mnacholipa kwa kila kilo ya ziada pale kaunta, safari baada ya safari. Kwa hiyo msigawanye safari zenu: wekeni zote akaunti moja, hata kama mara moja moja tiketi ya shirika la kundi jingine ni rahisi kidogo.

Muda wa maili nao uangaliwe. Za ShebaMiles, Turkish na Skywards hukaa takriban miaka mitatu tangu uzipate, hata kama unaendelea kusafiri. Avios ni tofauti: zinafutwa baada ya miezi 36 bila shughuli yoyote, kwa hiyo shughuli ndogo tu huziongezea uhai. Na kabla ya kufuta tiketi ya maili, angalia zile maili zilikuwa zinaisha lini. Zikirudi kwenye akaunti baada ya tarehe yake kupita, zinaweza kufutwa papo hapo, nawe umeshalipa ada ya kughairi.