Shawa Iliyounguza Kisha Ikamwaga Maji Baridi

Kwa miezi kadhaa shawa yetu ya umeme hapa Nairobi ilitoa maji ya uvuguvugu, kisha ghafla ya kuunguza, na mara tu mtu alipofungua bomba la jikoni yakawa baridi kabisa. Nililaumu kifaa bure. Shawa ya aina hii hupasha maji yanapopita, hivyo joto hutegemea kasi yake: ile ya wati 5,000 huongeza takriban nyuzi 24 maji yakipita lita 3 kwa dakika, lakini yakipungua hadi lita 2 huongeza nyuzi 36, na presha ikishuka zaidi swichi ya ndani hukata umeme.

Baada ya kuzima umeme kwenye swichi kuu, nilifungua kichwa cha shawa nikakuta zaidi ya nusu ya matundu yamezibwa na ukoko mweupe wa chokaa, maana maji yetu ni ya kisima. Nilikiloweka katika siki usiku kucha, nikakisugua kwa mswaki mkuukuu. Fundi naye akalitenga bomba la bafuni, likawa linatoka moja kwa moja kwenye tangi la juu. Sasa mke wangu huosha vyombo huku nikioga, na sirukiruki tena.